Shangazi, niliisoma

Shikamoo Shangazi.

Nakuandikia mbele za watu kwa sababu jambo lenyewe limeshafika mbele za watu. Grupu la WhatsApp la ukoo zima wanajua kwamba mimi husoma meseji za wakubwa na kunyamaza. Na hapa kazini tuko mafundi sita, kila mmoja ana mtu wake nyumbani aliyemnunia kwa kosa hilohilo. Nimeona nikujibu wewe, na wao wasome.

Ile siku ilikuwa Alhamisi, alasiri. Nilikuwa nashona gauni la sendofu, kitambaa cha satini, na satini unaijua inavyoteleza, ukiipa mgongo tu imeshapinda. Simu huwa naiweka juu ya meza ya cherehani, karibu na kopo la bobini. Ikawaka. Ulikuwa umeandika: "Mwanangu, yule mgeni uliyesema utamleta baada ya Idi, mbona kimya? Nimeshawaambia watu." Mguu wangu ulikuwa bado kwenye pedali. Nikaisoma, nikairudia, nikaendelea kushona. Ule mshono niliufumua wote jioni.

Yule mgeni, Shangazi, alikuwa ameshaniacha siku tisa kabla. Wewe hukulijua hilo, nami sikuwa nimemwambia mtu. Ningekujibu nini pale, mteja wangu kasimama anasubiri kupimwa kifua? Usiku nilijaribu. Niliandika "Shangazi," nikafuta. Nikaandika "Shangazi, usijali, atakuja," nikafuta, kwa sababu ni uongo. Najua uliona neno "anaandika" likitokea na kupotea, uliniambia baadaye. Ulidhani natafuta visingizio. Nilikuwa nalia.

Siku ya pili yake mjukuu wako akakuonyesha kitu: ukiibonyeza meseji ukaishikilia, inakutolea saa iliyofika na saa iliyosomwa. Ukaiona saa kumi na dakika kumi na mbili. Kuanzia hapo nikawa sina la kujitetea. Ukaweka kwenye stetasi, "Kimya kingi kina mshindo mkuu," na kila aliyeiona alijua ni nani anayesemwa. Mama akapiga simu kuuliza kwa nini nimemchunia shangazi yangu aliyenilea.

Mimi sikukuchunia. Nilikusoma, na kusoma ni jambo moja, kujibu ni jambo jingine, na katikati ya hayo mawili mtu anaweza kuwa na siku tisa za msiba ambao hauna matanga.

Unakumbuka simu yako ya kwanza ya kugusa? WhatsApp ilikuwapo tangu 2009, na kwa miaka mingi zile tiki mbili maana yake ilikuwa ni moja tu: ujumbe umeingia kwenye simu ya mwenzako. Hata hapo watu waligombana, wakidhani mbili ni kusomwa. Bluu, yaani zile tiki kugeuka rangi ujumbe ukisomwa, ilikuja Novemba 2014. Kelele zilizopigwa zilikuwa kubwa kiasi kwamba mwezi huohuo wakaanza kuleta njia ya kuizima. Mwaka 2022 wakaongeza na ya kuficha kwamba uko hewani. Yaani hata walioitengeneza walikuja kuona kwamba mtu anahitaji mahali pa kukaa asionekane. Maneno yenyewe wameyafunga kwa ufunguo tangu 2016, wao wenyewe hawawezi kuyasoma. Lakini saa niliyoyafungua mimi, hiyo inakwenda kwako moja kwa moja.

Na tiki hiyo inasema kidogo sana. Inasema mazungumzo yamefunguliwa, basi. Haijui kama aliyeyafungua ni mimi au ni mtoto wa jirani niliyempa simu acheze. Haijui kama nilikuwa kwenye daladala nimebanwa mlangoni, au kama bando lilikata nikiwa katikati ya kuandika. Wewe ndiwe unayejaza yaliyobaki, na mtu akisubiri peke yake usiku hujazia mabaya.

Nikuulize, ni nani aliyenifundisha kupiga hodi? Ni wewe, pale Muheza, kwa mama mkubwa, nina miaka sita au saba. Nilikwenda nikasimama katikati ya mlango, macho ndani. Ukanivuta kwa bega ukanisogeza ubavuni. Ukasema anayepiga hodi hasimami mkabala na mlango, asije akaona asichokaribishwa kukiona. Piga ya kwanza, ngoja. Ya pili, ngoja. Ya tatu isipoitikiwa, geuka urudi, wala usihesabu kwamba umefukuzwa, kwa sababu mwenye nyumba ana yake. Ukanambia ndivyo tulivyoamrishwa, na kwamba kurudi vile ni usafi kwako wewe unayerudi. Tulirudi kweli siku ile, na kisamvu chetu mkononi. Mama mkubwa alikuwamo ndani, tulimsikia akikohoa. Hukusema neno. Njia nzima nilikuwa nakuuliza mbona hajaitika, ukanijibu, "Ataitika siku nyingine."

Hicho ndicho ninachokuomba kwenye simu. Wewe uliniheshimisha kikohozi cha mtu nyuma ya mlango. Tiki ya bluu ni kikohozi changu.

Sasa niseme upande wangu, maana nilikosea, na kosa langu lilikuwa kubwa kuliko lile ulilonisema.

Baada ya ile stetasi niliingia kwenye mipangilio, nikafungua faragha, nikazizima tiki, na sikumwambia mtu. Nilijua nami sitaziona za wengine, nikaona si kitu. Kwa wiki tatu nililala vizuri. Nilikuwa nakusoma nikiwa na nafasi, nakujibu moyo ukitulia, na tuliongea vizuri zaidi kuliko mwanzo. Hata la yule mgeni nilikusimulia lote katika wiki hizo, nawe hukunilaumu hata kwa neno moja.

Kisha ikaja ile mvua ya masika. Redio ilikuwa imetangaza kwamba Jangwani, Dar es Salaam, hapapitiki, maji yamefunika barabara. Saa mbili usiku ukaniandikia, "Mmesalimika?" Niliisoma nikiwa nimekaa kitandani, nimekausha miguu. Moyoni nikakujibu, "Tumesalimika, Shangazi," nikaweka simu chini, nikapitiwa na usingizi. Kwako zilibaki tiki mbili za kijivu. Saa tatu, za kijivu. Saa nne, za kijivu. Zamani ungeona bluu ukajisemea, angalau yu hai, ananuna tu. Nilikuwa nimekunyima hata hiyo. Saa sita za usiku ulitoka na tochi ukaenda kumwamsha jirani umwombe salio, ukanipigia mara kumi na moja, na simu yangu ilikuwa kwenye kimya.

Asubuhi nilizihesabu zile simu nimesimama jikoni. Sijawahi kuona aibu kama ile.

Ndipo nilipokumbuka la mwanao aliye Maskati. Ulishanambia kwamba kila alfajiri, kabla hujaweka chai, unafungua uone ameonekana mara ya mwisho saa ngapi. Humwandikii wala huhitaji akujibu. Unaangalia tu ile saa, kisha unaendelea na kuni zako. Mimi nilikuwa nimechukulia tiki zote kuwa ni jicho la kunichungulia. Kwako wewe ni kuweka mkono kifuani pa mtoto aliyelala, uone kama kinapanda.

Kwa hiyo, Shangazi, sitakuficha: tiki bado nimezizima, na nitaendelea kuzizima. Wateja wangu wamenizoea vibaya, mtu anakuandikia saa tano usiku kuuliza kuhusu zipu, na asubuhi anakuja na hasira kwa kuwa amekuona umesoma. Siwezi kuwafungulia wote mlango kwa ajili ya mmoja, kwa sababu hakuna namna ya kuiwashia kwa mtu mmoja na kuizima kwa wengine. Ila ukiniuliza la uzima, la mvua, la ugonjwa, la safari, nitakujibu palepale japo kwa neno moja, hata nikiwa na pini mdomoni. Na likiwa ni la moyoni, nitakuandikia "nimeliona," halafu unipe siku zangu. Usiniulize tena mpaka nirudi. Nitarudi, uliona nilivyorudi kwa lile la kwanza.

Na kuna jambo moja nimeligundua juzi, ndilo lililonifanya nikae kukuandikia yote haya. Meseji za sauti haziingii kwenye ule uzimaji. Mtu akiisikiliza sauti yako, kile kipaza sauti kidogo pembeni yake kinageuka bluu kwa aliyetuma, hata kama aliyepokea amezizima tiki zake zote. Siwezi kukiondoa hata nikitaka. Na wewe macho yanakusumbua, kuandika kwenyewe unaandikiwa na mjukuu, mambo mengine unayaacha kwa kumwonea haya.

Basi nitumie sauti. Zile zako ndefu, za dakika nne, unasahau kwamba inarekodi unaanza kumfukuza kuku kwenye mpunga, unamwitikia mpita njia salamu, kisha unarudi, "Enhe, nilikuwa nasema nini." Nitumie usiku wa mvua, nitumie alfajiri ukishamwangalia wa Maskati. Huwa naziweka sikioni nikiwa nashona, ndizo ninazozisikiliza kwanza kabla ya za mteja yeyote. Utakiona kinageuka bluu, nawe ukalale.