Kambi ya sayansi na teknolojia, likizo ya Juni: naomba uthibitisho

Ndugu wazazi na walezi, nawasalimu nyote.

Kambi ya vijana wetu wa Kidato cha Kwanza hadi cha Nne itaanza Jumatatu, tarehe 15 Juni, na itaendelea kwa siku tano, saa 2:00 asubuhi hadi saa 9:00 alasiri, katika maabara ya shule ya Nzuguni badala ya Kisasa kama ilivyopangwa awali.

Mwaka huu watajifunza kuandika programu kwa lugha ya Python, kisha wataunganisha kihisi cha unyevu wa udongo na kompyuta ili kujua ni wakati gani hasa mzabibu unahitaji maji. Nimelisisitiza zoezi hili kwa sababu mvua ya Dodoma ni chache, wastani wa milimita 570 hivi kwa mwaka, tena karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili, na mkulima wa zabibu anayemwagilia kwa kukisia hupoteza maji mengi. Natamani sana watoto waone fizikia ya darasani ikifanya kazi shambani.

1. Mchango ni shilingi 40,000, ulipwe kwa mhazini kabla ya Ijumaa, tarehe 5 Juni. Anayehitaji kulipa kwa awamu anijulishe faraghani. Hakuna mtoto atakayeachwa kwa sababu ya fedha.
2. Mwenye kompyuta mpakato ya kutuazima atuambie.

Tafadhali kila mzazi aandike hapa "Nathibitisha" pamoja na kidato cha mtoto wake, kabla ya Jumatano saa 2:00 usiku.

Asanteni sana.
Mratibu