Mdogo wangu, mstari wa kumi uliuacha

Mdogo wangu,

Tulisema tutaongea tukishatulia. Hatujatulia, na simu zetu zinaishia kwenye salamu, basi nakuandikia hapa.

Ulihubiri vizuri kwenye mazishi ya mama, sikatai. Sauti ni ileile iliyokuwa ikimfanya aache kila kitu akusikilize ukikariri zaburi. Lakini ulifungua Waefeso 2, ukasoma mstari wa 8 na wa 9, kwamba tumeokolewa kwa neema, wala si kwa matendo, ukafunga Biblia, ukasema mama hakuhitaji chochote cha mikono ya wanadamu. Ukanitazama. Mikono yangu ilikuwa mapajani.

Mikono hiyo ilimgeuza kila saa mbili, usiku na mchana, asitoke vidonda mgongoni. Ilimpangusa midomo kwa pamba yenye maji aliposhindwa kumeza. Wewe ulikuja wiki ya mwisho, ukaomba naye, akatabasamu. Nilifurahi, Mungu anajua. Wala usinifanye yule kaka mkubwa wa Luka 15, aliyenuna baba yao alipomfanyia karamu mdogo wake mpotevu. Hata huyo baba alimfuata nje akamwita mwanangu, na wahubiri mnapapita mbio hapo.

Mstari wa 10 unasema tuliumbwa katika Kristo Yesu tutende matendo mema. Paulo huyohuyo anawaambia Wakorintho kwamba alifanya kazi kuliko mitume wote, kisha anasema: "wala si mimi, bali ni neema ya Mungu pamoja nami." Hakuona haya kuitaja kazi. Mimi nione haya kwa nini? Kuna usiku nililia kwa uchovu, na saa ilipofika nikainuka. Nguvu zile hazikuwa zangu. Neema uliyoihubiri ilikuwa mle chumbani muda wote, ikibadilisha mashuka.

Nakushauri kama dada yako: ukisimama tena mbele ya wafiwa, tazama kwanza nani amekonda kwa kuuguza. Usimsifu kama hutaki, ila usimwambie alijisumbua bure. Mimi sifa sikuzitaka. Nilitaka usome mstari mmoja zaidi, basi.

Mama alikuombea kila jioni, wewe kwanza, mimi baadaye, nami niliitikia amina kwa moyo wote. Nipigie. Ila tusianze na maombi. Niulize kwanza usiku wake wa mwisho ulikuwaje, maana wewe ulikuwa umelala, na mpaka leo hujaniuliza.