Tunapigwa kwenye mbegu za nguruwe

Mhariri, naomba nafasi kidogo. Huku Mbeya wengi tumeingia kwenye ufugaji wa nguruwe ila kwenye mbegu tunapigwa sana. Mwaka juzi niliuziwa majike mawili nikaambiwa ni mbegu ya Landrace, kumbe masikio yamesimama wima, na Landrace masikio yake yanalala mbele mpaka yanakaribia kufunika macho, mwenye masikio ya kusimama ni Large White. Sio kwamba Large White ni mbaya, anazaa sana na maziwa anayo, kinachouma ni kudanganywa. Duroc yule mwekundu mi nashauri awe dume, watoto wake wanakua haraka na nyama ni nzuri.

Na jamani, hesabuni chuchu kabla ya kutoa hela! Jike awe nazo angalau 12 na zote nzima, maana kila mtoto anashika yake na haachii.

Kingine, acheni kuazimana madume, homa ya nguruwe haina tiba, ikiingia banda moja mtaa mzima unalia, na yale mabaki ya chakula ya hotelini mnayowalisha yachemsheni kwanza, nayo yanaweza kuleta homa hiyo.

Mfugaji, Mbeya