Shukrani kwa rafiki aliyetufunza sarafu za kidijitali

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimshukuru rafiki yangu, ambaye simtaji jina kwa kuwa mwenyewe hapendi kutajwa, kwa kazi anayoifanya hapa Kibokoni ya kuwafunza watu sarafu za kidijitali bila kumtoza yeyote hata shilingi.

Nilimwendea mwishoni mwa mwaka 2021, Bitcoin moja, sarafu ya kidijitali iliyo maarufu kuliko zote, ilipokuwa inakaribia dola 69,000, nikiwa nimekwisha kupatana bei na mnunuzi wa pikipiki yangu ili fedha zote nizitie humo. Mwenye tamaa angenihimiza. Yeye alinikalisha barazani tangu alasiri hadi adhana ya magharibi, akanifafanulia kwamba sarafu za Bitcoin hazitazidi milioni 21 lakini uchache huo hauzuii bei kuporomoka, na kwamba Benki Kuu ya Kenya ilikwisha kuwatahadharisha wananchi tangu Desemba 2015. Pikipiki sikuiuza, na ndiyo inayonilisha hadi leo.

Novemba 2022, FTX, soko la mtandaoni la kununulia na kuuzia sarafu hizi, lilipofilisika na Bitcoin ikashuka chini ya dola 16,000, wengi waliojiita wataalamu mitaani walizima simu zao. Barazani kwake taa iliwaka kila usiku. Jirani yetu mmoja, ambaye akiba yake ilikuwa imekwama katika soko fulani la ng'ambo, alishindwa hata kumweleza mkewe. Rafiki yangu alifuatana naye hadi nyumbani, akakaa nao mpaka neno likasemwa, na siku zilizofuata akamsaidia kuandika madai yake kwa Kiingereza. Hilo sijaona mwingine akilifanya.

Tangu hapo, somo lake la kwanza ni kwamba ukiziacha sarafu zako sokoni, mwenye funguo, yaani namba za siri za kuzitumia sarafu hizo, ni soko, si wewe. Huwafunza akina mama wauza viazi karai kuyaandika karatasini maneno yao 12 au 24 ya siri, ambayo anayeyajua aweza kuzichukua sarafu zote, wasiyapige picha kwa simu, na wasimpe yeyote anayeyaomba, hata akijitambulisha kuwa ni afisa wa kampuni.

Kwa kuwa sasa Kenya ina sheria ya mwaka 2025 inayowapa Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji jukumu la kuwasimamia wafanyabiashara wa sarafu hizi, nawasihi maafisa wao waje hapa kwetu Mji wa Kale wakae naye, kwani mengi yanayowasibu wananchi huyasikia yeye kwanza.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa