Mkate wa pilipili wataka vipimo

Mhariri,

Wengi wanaolalamika kuwa mkate wa pilipili hubonyea katikati huilaumu hamira. Mara nyingi kosa ni maji. Pilipili mbichi ni maji kwa sehemu kubwa, na mashine ya kuokea mkate ikiikanda, maji hayo huingia kwenye unga; donge hulegea, huumuka upesi, kisha huporomoka kabla halijaiva.

Kwa unga wa ngano gramu 500, maji mililita 290 yatosha badala ya 310, pamoja na mafuta vijiko 2 vikubwa, sukari kijiko 1 kikubwa, chumvi gramu 8 na hamira ya chembechembe gramu 6. Hamira ikae juu ya unga, mbali na chumvi na maji, hasa ukitega mashine ianze baadaye.

Pilipili gramu 40 zikatwe, zikaangwe kwa sehemu ya mafuta hayo mpaka zikauke, zipoe. Dirisha liwe wazi, maana mvuke wake hukohoza vibaya. Ukali umejaa kwenye utando mweupe wa ndani kuliko kwenye mbegu, kwa hiyo asiyetaka moto autoe huo kwanza. Zitie wakati mashine inapolia kuomba viungo vya ziada. Zikiingia mapema husagika.

Baada ya dakika 10 za kukanda, fungua kifuniko utazame. Donge likinata pembeni, ongeza unga kijiko kimoja kimoja. Mkate ukiiva, utoe mara moja, la sivyo ganda hulowa.

Mwokaji wa mikate