YAH: MKANDA NA VIGURUDUMU VISIVYOLINGANA NA PIKIPIKI YANGU YA THELUJI

Duluth, Minnesota
28 Januari

Ndugu Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ninakuandikia kwa Kiswahili kwa kuwa dada aliyepokea oda yangu kwa simu tarehe 30 Desemba alizungumza nami Kiswahili tangu salamu hadi kuagana. Nilimsomea vipimo taratibu, naye akavirudia kimoja kimoja. Pikipiki yangu inavaa mkanda, ule wa mpira unaozunguka chini yake na kuisukuma kwenye theluji, wa urefu wa inchi 136, upana 15, kashata (meno ya mpira yanayochimba theluji) za inchi 1.25 na pichi, yaani nafasi kati ya fito moja ya mkanda na inayofuata, ya inchi 2.52.

Mlichonitumia ni mkanda wa inchi 137, kashata za inchi 2, pichi ya 2.86.

Nilipopiga simu kulalamika nikajibiwa kwamba inchi moja si neno, nikaze tu boliti za ekseli ya nyuma. Jibu hilo limeniudhi kuliko kosa lenyewe. Tatizo haliko kwenye inchi moja, liko kwenye pichi. Mimi na fundi tuliilaza mikanda yote miwili sakafuni tukahesabu: wa zamani una fito 54, wenu una 48. Sproketi za mbele, yale magurudumu yenye meno yanayouzungusha mkanda, zimetengenezwa kwa pichi ya 2.52. Hata kijana wa bodaboda anajua kwamba mnyororo usiolingana na sproketi haukaziki ukakaa. Utaruka na kula meno. Kuutumia mkanda wenu kungenilazimu kutoa shafti ya mbele na kununua sproketi nyingine, na gharama hiyo hakuna aliyeitaja.

Halafu kuna hizo kashata. Nilieleza wazi kwamba naendesha zaidi njia ya North Shore, ile inayotoka hapa Duluth kwenda Grand Marais, ambayo hulainishwa kwa mashine na mara nyingi huwa ngumu, wakati mwingine barafu tupu. Kashata ndefu ni za theluji laini na nene, kama ya milima ya magharibi, ambako zinachimba na kukusukuma. Kwenye njia ngumu hazina cha kuchimba. Zinajikunja, zinapata moto na kuchakaa. Na kabla ya kumuuzia mtu kashata ndefu, lazima kwanza umuulize kama zitapita chini ya bodi bila kukwaruza. Sikuulizwa.

Suala la vigurudumu ni zito zaidi, nami naomba ulisome kwa makini. Mkanda hutelezea juu ya plastiki zilizofungwa chini ya reli za saspensheni, na plastiki hizo hupozwa na theluji inayorushwa na mkanda wenyewe. Theluji ikiwa haba zinayeyuka. Zangu ziliyeyuka msimu uliopita, ndiyo maana niliagiza vigurudumu vinne vya nyongeza vya kupunguzia reli mzigo: kipenyo cha inchi 5.63, beringi yenye tundu la milimita 20. Mlileta vyenye tundu la milimita 25, pamoja na bushi za plastiki za kuzibia nafasi, na mhudumu wenu akanihakikishia kwamba hivyo ndivyo vinavyofungwa. Nilimwamini. Nikavifunga, nikiendelea kutumia mkanda wangu wa zamani.

Tarehe 18 Januari, maili 18 kutoka mjini, bushi moja ilipasuka. Kigurudumu kikachezacheza, kikalala upande na kuuchana mkanda kwa ndani. Binti yangu wa miaka 11 alikuwa amekaa nyuma yangu. Baridi ilikuwa nyuzi 20 chini ya sifuri na jua lilikuwa linazama. Tulikaa pale karibu saa nzima, nimemfunika kwa koti langu, hadi mzee mmoja mwenye pikipiki yake alipotufikia akatuvuta. Mtu akikwama porini kwa uzembe wake mwenyewe, hana wa kumlaumu. Mimi nilikwama kwa sababu niliuliza, nikapewa jibu, nikalifuata.

Sasa mnaniambia vigurudumu havirudishwi kwa kuwa vimeshafungwa, na fedha za mkanda zitakatwa asilimia 15 ya kurudishia stoo. Sikubali. Mkanda ni kosa lenu tangu mwanzo na haujaguswa. Bado una lebo yake. Nataka nirudishiwe fedha za mkanda zote, za vigurudumu zote, na nauli ya kuurudisha mzigo muilipe ninyi. Mkanda wangu wa zamani uliochanika nao mnilipie, kwa sababu ulichanwa na kifaa mlichoniambia nifunge.

Tena nakuomba, mpigieni simu kila mteja aliyeuziwa bushi zile. Njia hiyo ina watu wengi wanaopakia watoto, na msimu hauishi hadi Machi.

Nimeambatanisha picha za mikanda miwili ikiwa imelazwa pamoja, picha ya bushi iliyopasuka, risiti, na maelezo ya fundi. Nasubiri jibu la maandishi kabla ya tarehe 10 Februari.

Wako,
Mteja wa oda ya tarehe 30 Desemba