Sufu ichukue nafasi ya sponji ya plastiki

Mhariri,

Tangu 28 Agosti 2017 mifuko ya plastiki imepigwa marufuku Kenya, lakini sponji za kuoshea vyombo, ambazo nazo ni plastiki, zinamomonyoka kila siku na kuishia mitaroni. Sufu nzito ya kondoo, ile inayowasha mno kwa sweta, inaifanya kazi hiyo vizuri.

Loweka sufu dakika 20 katika maji ya nyuzijoto 60 yenye sabuni ili mafuta yatoke. Usiisugue wala kuihamishia maji baridi ghafla. Nyuzi zitashikana kabla hujazipanga. Ikikauka ichane kwa chanuo, kisha panga gramu 20 kwa tabaka nne, kila tabaka likikatiza la chini yake. Nyunyizia maji moto ya sabuni, papasa taratibu, halafu sugua kwa nguvu hadi unyuzi usivutike. Hapa ndipo wengi hukosea: maji yakizidi, nyuzi huelea na hazishikani. Kipande husinyaa karibu theluthi, basi anza na kipana.

Tafadhali, msikitie dawa ya klorini, huyeyusha sufu. Kianikwe kila baada ya kazi. Kikichakaa, kifukiwe shambani, kina naitrojeni.

Mafundi wa sufu,
Nyandarua